Mchambua maharagwe wa Kitale aliyeomba kura kwa mikono mitupu

Saa mbili kasorobo asubuhi. Jua la Kitale bado halijapata nguvu, lakini Shamira Mohamud ameshaketi juu ya gunia tupu, miguu ameinyoosha, ungo uko mapajani. Anachota maharagwe kwa bakuli la plastiki, anayamwaga kwenye ungo, anautikisa, kisha vidole vinaanza kazi. Jiwe linatupwa kushoto. Punje iliyotobolewa na wadudu inatupwa kulia. Nzima inabaki.

Haangalii mikono yake. Anaangalia lango.

"Lori linatoka Kachibora," anasema. "Likichelewa, kuna wenye watarudi nyumbani bila kitu. Sisi hapa hatuna mshahara, bana. Tuna gunia."

Uani mwa ghala hili, si mbali na reli ya zamani, wameketi wanawake zaidi ya thelathini. Wengine wamejifunika mitandio, wengine wamefunga vilemba vya kanisa, na wawili wana watoto mgongoni. Wafanyabiashara hununua maharagwe kwa wakulima wa Cherangany na Mlima Elgon, na kuyaleta hapa yachambuliwe kabla ya kusafirishwa mijini. Kwa kila gunia lililosafishwa, mwanamke hulipwa shilingi mia moja na hamsini. Siku nzuri, mwenye mikono myepesi humaliza magunia mawili. Siku mbaya hakuna gunia.

Ukimtazama Shamira hivi, vumbi la maharagwe likiwa limemtanda kwenye nyusi, huwezi kudhani kwamba picha yake iliwahi kubandikwa kwenye nguzo za stima za mji huu. Katika picha hiyo alikuwa amejitanda mtandio wa kijani, na chini ya uso wake palichorwa ungo, alama yake ya kura.

Huo ulikuwa mwaka wa 2022. Shamira, ambaye sasa ana umri wa miaka arobaini na mitatu, aliwania kiti cha wadi kama mgombea huru. Walikuwa wagombea saba. Alimaliza wa tatu.

"Wa tatu kwa saba si vibaya kwa mtu asiye na gari," anasema, akitabasamu kidogo.

Kushindwa si jambo lililompata yeye peke yake. Kila uchaguzi huacha walioshindwa wengi. Lakini wachache kati yao hurudi kuketi bega kwa bega na watu waliowanyima kura, wakichota maharagwe kwenye lundo moja. Shamira ameketi hivyo kwa miaka mitatu. Wengi wa wanawake walio kando yake asubuhi hii walimpigia mtu mwingine.

"Na waliniambia mapema," anasema. "Hakuna aliyenidanganya hata mmoja. Hiyo ndiyo iliniuma, na hiyo ndiyo ilinifanya nisiwachukie."

Shamira alizaliwa Webuye. Baba yake, marehemu Mohamud Shafi, alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha karatasi, wakati mji mzima ulipoamka na kulala kwa king'ora chake. Mama yake, Zuena, ni mwenyeji wa Matulo, umbali mfupi kutoka hapo.

Anachokikumbuka zaidi katika utoto wake ni Jumamosi moja baba alipomshika mkono wakaenda uwanja wa mpira. Wafanyakazi walikuwa wanamchagua mwakilishi wao wa chama. Wagombea walisimama mbele, na kila mfanyakazi akaenda kupanga foleni nyuma ya amtakaye. Aliyeshinda alifanya kazi zamu moja na baba yake na aliishi nyumba ya mstari ule ule.

"Alikuwa na baiskeli kama ya baba," anakumbuka. "Alishinda, watu wakambeba juu juu, na Jumatatu akapita kwetu akienda kazini na baiskeli ile ile. Mimi nilidhani kuchagua ni hivyo kila mahali. Nilidhani unachagua mtu mnayelingana, ndio asisahau."

Kiwanda kilipozima mashine zake, baba alirudi Matulo kulima kishamba cha mkewe. Alifariki miaka michache baadaye. Shamira, wakati huo ameolewa na Naim, fundi wa pikipiki, alihamia Kitale, katika mtaa ulio nyuma ya msikiti wa mjini. Watoto watatu walipozaliwa na gereji ya Naim ikawa na siku za ukame, alichukua ungo akaja hapa.

Alipofika, aliyempa nafasi ya kuketi alikuwa mwanamke aitwaye Beth Wangu.

Beth naye asubuhi hii yuko papo hapo, hatua mbili kutoka kwa Shamira. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo isiyofanana na umbo lake. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba dogo Kachibora, na huko ndiko alikokulia. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka wa 2007 zilipozuka, familia yake ilikimbilia mjini ikiwa na magodoro mawili na mbuzi mmoja. Hawakurudi.

"Kwetu uchaguzi ulikuwa kitu cha kufunga mizigo," anasema Beth. "Redio ikianza tu kutaja kura, mama yangu anatafuta kamba. Ndiyo maana mimi sikuwa mtu wa siasa. Huyu ndiye aliniingiza."

Lakini Shamira anasema mambo yalikuwa kinyume: Beth ndiye aliyemsukuma.

Msimu wa mvua wa 2021, uani hapa hapakuwa na paa. Mvua ikinyesha, wanawake waliyakimbiza maharagwe kwa turubai, na yaliyolowa yalikatwa kwenye malipo yao. Nje ya lango, mtaro uliojaa takataka uliyamwaga maji ya barabara nzima ndani. Wakasikia kuna kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya wadi. Kiliitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi.

Shamira na Beth waliacha magunia yao wakaenda. Viti vya mbele vilikuwa vimekaliwa na wanakandarasi na watu wenye maduka. Wao walisimama nyuma hadi saa saba. Shamira alipopewa nafasi, alisema habari za mtaro, za paa na za choo cha soko. Afisa mmoja alimwambia maoni yake yamepokelewa. Bajeti ilipotoka, hakuna hata moja lililokuwamo.

"Tukirudi njiani, nikamwambia, Mama Bilan, sisi tumepoteza siku ya kazi kusema mara moja," anasimulia Beth. Bilan ni binti mkubwa wa Shamira. "Wale wenye viti vya mbele wanasema kila siku. Wanasema kwa simu, wanasema hotelini. Si ni afadhali wewe ukae pale ndani, usemee sisi kila siku?"

Shamira alicheka. Wiki iliyofuata Beth alikuwa amezunguka uani na mitaani akikusanya sahihi.

Kampeni yao ilikuwa ya miguu. Waliondoka ghalani saa tisa, wakanawa mikono, wakaenda mlango kwa mlango na ungo mmoja. Jerono, kijana kuliko wote na mwenye sauti kubwa, ndiye aliyekuwa kipaza sauti. Naim aliwabeba kwa pikipiki za wateja alipokuwa akizijaribu. Wazee wa msikitini walimwombea dua. Kanisani kwa Beth walimpa dakika tano baada ya matangazo.

Kila mlango uliofunguliwa ulikuwa na swali moja.

"Umetuletea nini?"

"Nimeleta maneno, mama. Na nimeleta sura yangu, mnaijua."

"Maneno ni mazuri. Lakini yule wa jana aliacha unga."

Yule wa jana alikuwa mfanyabiashara mwenye magari matatu ya matangazo na vijana waliovaa fulana mpya. Hatumtaji hapa, kwa sababu hakuna mahakama iliyowahi kumpata na kosa lolote, na si yeye peke yake aliyekuwa akigawa. Wagombea wanne kati ya saba, kwa hesabu ya Shamira, waligawa kitu. Siku moja walitumwa watu wawili nyumbani kwake kumwomba ajiondoe, naye atafutiwe kazi ya ofisi. Aliwakaribisha chai, akakataa.

Hata hivyo alikuwa na matumaini. Mwezi wa sita, mahali alipopita watoto walikuwa wanaimba "ungo, ungo". Wanawake wa maghala mengine walikuwa wameanza kuja jioni kumsikiliza.

Halafu mwezi wa saba Ciru, binti wa Beth, akarudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni.

Karo ilikuwa imekwama tangu muhula wa kwanza. Beth aliomba kwa ndugu, kwa kanisa, kwa mwenye ghala. Shamira alimpa alichokuwa nacho, ambacho hakikutosha hata nauli na sabuni. Ciru alikaa nyumbani wiki ya kwanza, akakaa ya pili, akaanza kwenda kuosha vyombo hotelini.

Ilikuwa alasiri ya Ijumaa, Shamira anakumbuka, kwa kuwa Naim alikuwa ndiyo kwanza ametoka msikitini. Beth alibisha hodi, akakataa kukaa kwenye kochi, akakaa kwenye kigoda.

"Mama Bilan, nimekuja kukuambia kitu kabla usikie kwa watu."

"Sema, Mama Ciru."

"Ciru amerudi shule jana. Wamelipa watu wa yule wa magari. Wamelipa yote, mpaka ya muhula ujao."

Shamira alimshukuru Mungu kwa sauti. Anasema alifurahi kweli, kwa sababu Ciru ni kama mtoto wake.

"Si ni vizuri amerudi?"

"Ni vizuri. Lakini sasa kura yangu nitampea yeye."

Shamira alimweleza mwenzake mambo ambayo wote wawili walikuwa wakiyaeleza watu milangoni kwa miezi mitatu. Kwamba kura ni siri. Kwamba mtu anaweza kupokea unga na bado akachagua roho yake inavyotaka. Kwamba ndani ya kile kibanda cha kadibodi hakuna anayekuona.

"Pale ndani ni wewe na Mungu wako tu, Mama Ciru."

"Ndio hiyo sasa," Beth alijibu. "Mungu atakuwa pale. Siwezi kula kitu cha mtu halafu nimgeuke nikiwa nyuma ya kadibodi. Mimi sikulelewa hivyo. Na wewe hukulelewa hivyo."

Shamira alitaka kumuuliza, na mimi je? Alimmiminia chai. Beth aliinywa nusu, akafunga kilemba chake vizuri, akaenda.

Nilipomuuliza Beth kuhusu alasiri hiyo, aliacha kuchambua kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Huko kwenu kwa magazeti mnaandika ati maskini wanauza kura," alisema. "Mimi sikuuza. Anayeuza anaweza kukataa bei. Mimi nililipa deni."

Baada ya Beth walifuata wengine. Mmoja alilipiwa bili ya hospitali ya mumewe. Jerono, yule wa sauti kubwa, alipewa mabati ya kumalizia nyumba ya mama yake. Wengine walipata leso na unga wa kilo nne. Mmoja mmoja walikuja kwa Shamira kumwambia, kama watu wanaokuja kuaga. Yeye hakuwa na bati wala karo. Alichokuwa nacho ni ahadi ya mtaro, na mtaro huo ulikuwa bado miaka mitano mbele.

"Hapo ndipo nilielewa kitu," anasema. "Karatasi ya kura ni sawa kwa wote, ya tajiri na yangu. Lakini siku ya kuingia pale ndani hatufiki sawa. Mmoja anafika mwepesi, mwingine anafika amebeba mzigo wa mtu."

Siku ya uchaguzi, Bilan aliketi katika darasa la kupigia kura kama wakala wa mama yake. Jioni kura zikahesabiwa. Katika kituo walichopigia wanawake wengi wa ghala hili, ungo ulipata kura kumi na moja.

"Naweza kukutajia karibu zote," anasema Shamira. Anazitaja kimyakimya, midomo ikisogea, kisha anaacha.

Siku ya tatu baada ya matokeo alipanda gari kwenda Matulo. Alimwambia Naim anakwenda kumwona mama kwa wiki moja. Alikaa zaidi ya mwezi.

Mama Zuena, ambaye sasa amepita miaka sabini, hakumuuliza lolote siku ya kwanza. Alimtandikia kitanda, akampikia ugali na mboga za kienyeji, akamwambia kwa lafudhi yake ya Bungoma, "Rara kwanza, mwanangu. Maneno hayaendi popote."

Siku chache baadaye, wakichimba viazi vitamu, mama alianza mwenyewe. Kwa matamshi ya watu wa Bungoma, L na R hubadilishana zipendavyo.

"Na hiyo siku ya kula," Mama Zuena aliuliza, "watu walikuja wengi?"

"Kura, mama."

"Si ndio nimesema, kula."

Shamira alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Kisha kicheko kikageuka, na mama akaweka jembe chini akaja kukaa naye. Walikaa hapo, anasema, mpaka kivuli cha migomba kikawafikia.

Katika mwezi ule alikwenda Webuye mara mbili. Hakuwa na shughuli huko. Alitembea hadi kwenye uwanja aliopelekwa na baba, akasimama ukingoni. Vijana walikuwa wanacheza mpira. Alijaribu kukumbuka yule mwakilishi alisimama upande gani na foleni yake ilipita wapi, akashindwa. Alichoweza kukumbuka ni mkono wa baba yake, wenye harufu ya grisi, ukimvuta waingie kwenye foleni.

"Nilitamani sana kumuuliza baba kitu kimoja," anasema. "Wale watu wa foleni zile, kuna aliyelipiwa karo? Ama walisimama tu kwa sababu walimtaka mtu? Nilitamani aniambie walisimama tu."

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, Beth alifika Matulo. Alikuwa hajawahi kufika huko. Aliulizia njia tangu barabara kuu, akatokea uani mwa Mama Zuena na mkate na majani ya chai.

"Mulembe, mama," alijaribu kusalimia kwa Kibukusu.

"Mulembe muno," Mama Zuena alimjibu, akamwonyesha mwanawe alipokuwa.

Mazungumzo yao hayakuwa marefu. Wote wawili wanayasimulia kwa namna moja.

"Nafasi yako haijakaliwa," Beth alisema. "Kuna mwanamke mgeni alitaka kukalia, tukamwambia asonge."

"Mna shida gani?"

"Maji yameingia tena. Hakuna mtu wa kusema."

"Si mna mheshimiwa?"

"Hajafika. Simu yake inashikwa na kijana." Beth akaketi karibu naye. "Shamira, mimi sijakuja kuomba msamaha. Nikikuomba, itakuwa ni kama ninasema Ciru angebaki hotelini. Nimekuja kukuchukua turudi."

Ilikuwa mara ya kwanza Beth kumwita kwa jina lake. Walirudi pamoja kesho yake.

Ili kusema haki, aliyeshinda, yule yule wa unga, hakukaa bure kabisa. Barabara moja ya mtaa imemwagwa changarawe ya murram, na soko limepata taa. Mtaro wa ghala uko vile vile. Anapokutana na Shamira kwenye misiba, humsalimia vizuri.

Mambo yaliyogeuza maisha ya uani hapa yalitokea mwanzoni mwa mwaka jana, na hayakuhusu serikali. Mwenye ghala, Mzee Kipkosgei, alitangaza kwamba bei ya maharagwe imeshuka na malipo ya gunia yatashuka pia, kutoka mia na hamsini hadi mia na ishirini. Wanawake walinung'unika kwa siku nzima. Wengine walitaka kugoma. Wengine waliogopa. Jioni wakamgeukia Shamira, wakamtaka aamue.

Alikataa kuamua.

"Niliwaambia, tupige kura," anasema. "Wakaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. Ati kura tena?"

Alitwaa debe tupu, akaliweka nyuma ya gunia lililotundikwa kama pazia. Kila mwanamke alipewa punje mbili: moja ya Wairimu, yale maharagwe mekundu madogo, na moja nyeupe. Nyekundu ni kuacha kazi hadi malipo yarudi. Nyeupe ni kukubali. Unatumbukiza moja debeni, nyingine unarudi nayo ngumini na kuitupa kwenye lundo. Debe lilifunikwa kitambaa, mtu asione wenzake walitumbukiza nini.

"Siku ile hakuna aliyekuwa na gari la matangazo," anasimulia Shamira. "Hakuna aliyekuwa na unga wa kugawa. Sisi wote malipo yetu yalikuwa yamekatwa sawa, na sisi wote tuliogopa sawa. Watu waliingia nyuma ya lile gunia na wakakaa, bana. Mtu anasimama anafikiria. Mimi sijawahi kuona hivyo tangu nizaliwe."

Nyekundu zilishinda, lakini si kwa wingi mkubwa. Wakapiga tena kumchagua wa kuwasemea, na Shamira akapata karibu zote.

Sijui alichochagua Beth katika kura ile ya kwanza. Shamira pia hajui. Hajawahi kumuuliza, na Beth hajawahi kusema.

Waliacha kazi siku tatu. Malori mawili yalisubiri langoni na maharagwe machafu. Siku ya nne Mzee Kipkosgei aliwaita.

"Wangekuja mmoja mmoja ningewamaliza," anakiri mzee huyo, bila aibu. "Kila mmoja ana shida yake, unampa kidogo anatulia. Lakini walikuja na mtu mmoja wa kusema, na hakuwa anajisemea. Huyo ni ngumu."

Malipo yalirudi mia na hamsini. Paa la mabati likajengwa juu ya nusu ya uani. Walikuwa wameomba nyongeza pia, hawakuipata. Choo bado ni kimoja. Na wanawake wawili, ambao mwenye ghala aliwahesabu kuwa wachochezi, hawakuitwa tena kazini. Mmoja sasa anauza mboga kando ya barabara. Shamira hununua kwake kila jioni, hata siku ambayo nyumbani kuna mboga.

"Nilishinda na sikushinda," anasema. "Nikilala paa lile naliona, na wale wawili nawaona."

Mchana umefika. Lori la Kachibora limekuja na kushushwa mzigo, na leo kila mmoja ana gunia. Shamira anajitenga kidogo, anaswali kando ya ukuta, anarudi. Beth amemwekea chai kwenye kikombe cha bati na nusu ya chapati.

Ninamuuliza swali ambalo kila mtu mjini humuuliza: mwaka wa 2027 atasimama tena?

Anaeleza kwanza habari za kikundi chao. Tangu siku za mgomo, kila mwanamke hutoa shilingi kumi kwa kila gunia analomaliza. Fedha hizo hazinunui sufuria wala viti vya kukodisha, kama vikundi vingine. Ni za karo ya mtoto aliyerudishwa na za mgonjwa aliyezuiwa hospitalini, basi. Kikundi kina sharti moja ambalo Jerono ndiye aliyelitunga: mwanasiasa haruhusiwi kuchangia, hata akiwa ndugu ya mtu. Wawili wamekwisha kujaribu. Mmoja alikuja na bahasha kabisa, akarudi nayo.

"Tunajua mwezi wa saba ule utakuja," anaeleza Beth. "Mwezi wa saba kila mtu ana shida, na mwezi wa saba ndio wanakuja. Tunataka wakija wakute shida imemalizwa na sisi wenyewe."

Mwaka huu kikundi kimewarudisha shuleni watoto wanne. Ciru amemaliza kidato cha nne na anasubiri kujiunga na chuo cha ualimu Bungoma. Kuna mwezi sanduku la kikundi hubaki na hela ya chai tu. Maghala mengine mawili yameuliza jinsi ya kuanzisha kikundi kama hicho, na Jumapili Shamira huenda kuwaeleza. Anatamani siku moja kiwepo katika kila ghala, Kitale mpaka Webuye, mpaka huko Matulo kwa mama yake.

Narudia swali langu.

"Labda nitasimama mimi," anasema. "Labda Jerono, ana sauti, na sasa ana akili ya mambo haya kunishinda. Hiyo si kitu."

Anauinua ungo, anapuliza makapi, na vumbi linaelea kwenye mwanga unaopita kati ya mabati.

"Mimi ninachotamani ni siku ile yenyewe. Natamani niamke, niende kwenye foleni, na mbele yangu na nyuma yangu wasimame watu ambao hawana deni la mtu. Basi. Kama watanipigia, sawa. Na kama ni kushindwa, wacha nishindwe na watu walioshiba."